Ng'ombe wa Papa na Ng'ombe wa Tonton

Majuzi jirani yangu alinipakia kwenye pikipiki yake hadi nje ya mji, barabara ya Banalia, kunionyesha ardhi aliyoipata. Anataka kufuga ng'ombe wa nyama, kundi dogo tu la kuanzia, na watu wamemwambia kwamba mimi ni binti wa mchinjaji, basi lazima ninajua. Tulisimama kwenye nyasi zinazofika kiunoni, suruali yake imelowa umande, akaniuliza: "Mama, nichukue ngombe ya namna gani?" Nikaanza kumweleza polepole, kama nipendavyo kueleza. Kwanza utazame inzi waliopo, kisha maji, kisha nyasi. Ng'ombe mwenyewe umtazame mwisho. Nilipofika hapo nikasikia kijito kikipita chini ya magogo upande wa bondeni, nikageuka kukitafuta kwa macho. Kijito kile nakijua. Niliteka maji yake nikiwa bado na meno ya utoto.

Yeye nilimjibu kwa ufupi, akaridhika. Wewe nitakueleza kwa urefu, maana hununui ng'ombe leo, huna haraka.

Sisi tulikaa katika mtaa wa Waislamu wa zamani wa mji, wale ambao babu zao walifika na misafara ya biashara, wakaoa hapa, wakabaki. Papa, yaani baba yangu, alikuwa mchinjaji. Asubuhi nyumba yetu ilinuka mafuta ya ng'ombe na kahawa, na kilichoniamsha kilikuwa mdundo wa mchi: mama akiponda ndizi za kuchemsha uani, ziwe lituma. Kazi yangu ilikuwa kulisugua gogo la kukatia nyama kwa chumvi na majivu mpaka ling'ae, halafu kusimama sokoni kando ya meza ya Papa, tawi mkononi, nikifukuza inzi. Niliichukia kazi ile. Mikono yangu ilinuka damu hata shuleni, na wenzangu walinisogeza mwisho wa benchi.

Lakini Papa mwenyewe hakuwa mtu wa damu, na hili nataka ulielewe vizuri, kwa sababu ndilo chanzo cha yote. Ng'ombe wa mji walikuja kwa kamyo, yaani lori, kutoka nyanda za juu za Ituri. Walishushwa wakiwa wamekonda, macho yamewatoka kwa hofu, wengine wamevunjika miguu njiani. Wachinjaji wengine waliwaburuta hapo hapo. Papa aliwaweka kivulini, akawapa maji, akangoja watulie. Kisu chake alikifunga kwenye kitambaa mpaka dakika ya mwisho. Hakukinoa mahali mnyama angeweza kusikia, wala hakumchinja mmoja mbele ya macho ya mwingine. Dini ndivyo inavyofundisha, ila Papa alizidisha. Alikuwa akisema kwamba nyama ya mnyama aliyeogopa ina ladha ya hofu yake, na kwamba yeye anaitambua ulimini.

Ndoto yake, basi, ilikuwa kufuga mwenyewe. Alitaka ng'ombe wanaomjua tangu wakiwa wachanga, wanaokuja akiwaita, wanaojilaza wenyewe akiwasugua shingo.

Uhuru ulipokuja, mzungu aliyekuwa na kahawa na malisho kando ya kijito kile aliondoka siku moja na familia yake, milango wazi, mbwa amefungwa kwenye nguzo ya baraza. Mji ulikuwa umechanganyikiwa. Watu walicheza ngoma barabarani, na kwenye barabara ile ile nilimwona mtu akipigwa mawe kwa sababu tu alivaa tai na kuandamana na bwana wake wa zamani. Nilikuwa nimemshika mama mkono. Mtu yule aliendelea kuinua mkono wake kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kusema, mpaka hakuuinua tena.

Mkubwa wa eneo alimpa Papa yale malisho ayatunze. Na kwa kuwa Papa alijua ng'ombe wa kufa tu, si wa kufuga, alimchukua tonton, mdogo wake mama, ambaye alikuwa amemchungia yule mzungu tangu ujana. Tonton alikuwa mwembamba, mcheshi, hakuvaa viatu, na alikuwa na tabia ya kujibu swali huku akiondoka.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza: ng'ombe gani?

Papa aliwataka wale wakubwa wa Ituri, wenye nundu na mapaja mazito. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alimwangalia ng'ombe aliye hai kama mtu aliyekwisha kumkata vipande: hapa paja, hapa mbavu, hapa ulimi. Tena wakubwa wale walikuwa wapole. Walijifunza jina na sauti. Tonton aliwataka wale wadogo wa rangi ya udongo, wanaoitwa ndama hata wakiwa wazima, maana ndilo jina la aina yao, waliokuja na meli zamani kutoka Afrika ya magharibi na kuzaliana kwenye mashamba ya upande wa Yangambi. Sababu yake ni hii. Kwetu kuna mbung'o, yule inzi mwenye kuuma, anayeingiza ugonjwa kwenye damu. Ng'ombe mkubwa wa milimani akiumwa hudhoofika, manyoya husimama, anakufa taratibu. Wale wadogo huumwa vivyo hivyo, nao huendelea kula majani kama hakuna kilichotokea. Kasoro yao ni moja: hawafugiki kwa mkono. Ukiwakaribia, wanaingia msituni.

Jioni wawili hao walikaa barazani mwa kibanda cha malisho, kila mmoja na kikombe chake, wakapigana kwa maneno.

"Shemeki, ile ngombe ya kwako iko kama mbuzi iliyokosa ndevu," Papa alisema. "Hata jina lake: ndama. Mutu muzima anafuga ndama maisha yake yote?"

"Na ya kwako iko mukubwa kama kamyo. Bon. Kamyo ikikufa katika njia, utaivuta na nini?"

"Nitaikula."

"Utakula kamyo muzima, weye peke yako, na yale meno?"

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Hawakupatana kamwe. Mwishowe kila mmoja alileta wake. Wakubwa wa Papa walipewa sehemu ya juu, mbali na msitu, wafukizwe moshi asubuhi na jioni dhidi ya mbung'o. Wadogo wa tonton waliachwa bondeni wajitegemee. Kazi ya kufukiza ilikuwa yangu na mama. Tulichoma kinyesi kikavu na majani mabichi, macho yakituwasha, na ng'ombe wakubwa walikuja kujipanga ndani ya moshi kama watu kwenye foleni ya zahanati. Papa alisimama langoni na bakuli la chumvi, akaita mwito wake mrefu wa kushuka na kupanda, nao wakaja mbio, wakimlamba mikono, mashavu, kofia. Fahali mkubwa wa kijivu alikuwa akilala chini mara tu Papa akimgusa koo. Sisi watoto tulimpanda mgongoni.

Ulikuwa wakati mzuri sana. Nakwambia hivi ili ujue kilichovunjwa.

Miaka michache baadaye, uasi dhidi ya serikali ulipouteka mji, Papa alitutoa mtaani akatuleta malishoni, akidhani huku ni mbali na bunduki. Lakini wapiganaji walipanda barabara ile ile, na kikosi kimoja kikakaa katika nyumba ya mzungu, ng'ambo ya kijito. Wengi walikuwa vijana wadogo, vifua wazi, majani yamefungwa kichwani, wamechanjwa dawa ambayo waliamini inageuza risasi kuwa maji. Dawa ilikuwa na miiko: mpiganaji asiguswe na mwanamke, asile chakula kilichopitia mkononi mwa mwanamke. Kwa hiyo mimi na mama tulifukuzwa kila tulipokaribia, tukayaona yote kutoka nyuma ya ghala la kukaushia kahawa.

Mkuu wao alitaka kuitwa Komanda. Alikuwa na sauti nyororo na saa mbili mkono mmoja. Siku ya kwanza waliwaleta watu waliosemwa kuwa makarani wa serikali, wakawapiga risasi ukingoni mwa kijito, wakawasukuma majini kwa miguu. Mmoja alikwama kwenye magogo, akakaa hapo na shati lake likivimba kwa maji. Tangu siku ile hatukuteka maji pale.

Papa naye alikuwa kwenye orodha ya kufa, kwa sababu alikuwa ameshika mali ya mzungu. Kilichomwokoa ni kwamba baadhi ya wapiganaji walikuwa Waislamu kutoka Maniema, nao walikataa kula nyama isiyochinjwa kwa sheria. Komanda akaamua: mzee huyu atuchinjie. Mama alinieleza usiku ule jambo lile kwa maneno machache, akinisuka nywele kwa nguvu kuliko kawaida. Ng'ombe wakiisha, Papa naye ataisha. Kuanzia hapo sikumtazama tena ng'ombe yeyote bila kumwona Papa amesimama nyuma yake.

Na wakubwa waliisha upesi. Unaona sababu? Walikuwa wamefundishwa kuja. Mpiganaji yeyote aliyesimama langoni na bakuli, hata bila chumvi, alizungukwa nao. Papa aliomba achinje mmoja mmoja, nyuma ya ghala, wengine wasione. Walimcheka. Siku mojawapo walevi walijipanga kwenye uzio wakajifunza kulenga shabaha. Ng'ombe wale hawakukimbia. Waliposikia kelele waliwafuata watu, kwa maana watu ndio waliokuwa usalama wao, na wakaanguka mmoja juu ya mwingine, miguu ikipiga teke hewa, watoto wao wakinyonya maziwa yaliyochanganyika na damu. Fahali wa kijivu alipigwa tumboni. Kijana mmoja alimwendea, akamgusa koo kwa kisigino, kwa mzaha, kama alivyomwona Papa akifanya. Fahali akajilaza. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Halafu wakamkata kwa mapanga, bila haraka, akiwa angali anapumua, na Papa ameshikiliwa mikono atazame.

Nyama nyingi iliozea juani. Harufu yake ilitulala nguoni.

Wakabaki wale wadogo, ndani ya msitu. Komanda alimwita Papa langoni. "Iite," alisema.

Papa aliita mwito wake. Hakuna aliyetoka msituni.

"Ngombe inakuzarau, Papa," Komanda akasema, na vijana wakacheka. "Hata nyama inajua weye ni mutu ya bure. Iite tena."

Mmoja wao akampiga mdomoni kwa kitako cha bunduki. Papa aliinama, akatema meno kwenye nyasi, akainuka, akaita tena kwa mdomo uliojaa damu. Akapigwa tena. Akaita. Mama alikuwa ameniziba mdomo kwa kiganja chake, nami nilihisi meno yangu yakiingia nyama ya mkono wake.

Tonton alitoka upande wa kijito, mikono juu, akitembea taratibu.

"Komanda, hata akiita mupaka kesho, haitakuja. Si yake. Iko yangu, na hata mimi hainisikie. Ile ngombe haina sikio ya mutu. Inatafutwa na muguu."

"Nani anajua kuitafuta?"

"Mimi. Lakini mwenye kuichinja ni yeye. Wale ndugu ya Maniema hawatakula ya mutu mwingine."

Komanda alizitazama saa zake zote mbili, kama aliyekuwa na mkutano. "Bon. Weye utaleta, yeye atachinja. Siku hakuna nyama, ninyi wawili ndiyo nyama."

Hivyo ndivyo tonton alivyoufunga uhai wa Papa na uhai wake mwenyewe kwa sentensi mbili. Aliingia msituni na kamba, na mpiganaji mmoja wa kumlinda ambaye aliogopa msitu kuliko alivyoogopa vita na kila mara alirudi kabla yake. Tonton alikaa huko siku nyingi. Tulipokaribia kukata tamaa alitokea na ng'ombe mmoja aliyefungwa kwenye gongo refu, akiruka na kukoroma, amejaa miiba. Papa, uso umevimba, alilazimika kumchinja mnyama mwenye hofu, jambo ambalo hakuwa amelifanya maisha yake yote. Hata hivyo alikifunga kisu kwenye kitambaa, na hata hivyo aliomba wampishe, na mara nyingine walimpiga, hata wakamvunja vidole, kwa sababu ya kuomba.

Mama alimwendea tonton alipokuwa akinywa maji nyuma ya ghala. Alimwambia ajitahidi kuwahi, Komanda anakasirika, jana amempiga Papa mbavuni.

"Yaya," tonton alimwambia dada yake kwa sauti ya chini, "ngombe iko karibu. Ni mimi niko mbali."

Akaondoka akiwa bado anamjibu, kama kawaida yake. Ndipo tulipoelewa. Angeweza kuwaleta wote kwa juma moja. Alikuwa akikaa huko, akila matunda ya porini na kuumwa na mbung'o, akiurefusha uhai wa shemeji yake, ng'ombe mmoja baada ya mwingine. Kwa wale wakubwa asingeweza. Kundi lote lingekuwa limekwisha kuliwa, na Papa pamoja nalo. Mimi husema hivi kwa watu wanaoniuliza juu ya mifugo, nao hudhani natania: upole wa ng'ombe ni kitu kizuri, lakini uliza kwanza nani mwingine atasimama langoni pako.

Hatimaye asubuhi moja ndege za vita zilipita chini sana juu ya miti, na upande wa mjini ukaanza mlio wa bunduki usiokatika. Vijana wa Komanda walikimbia kupitia malishoni mwetu, bila kutazama nyuma, maana hilo nalo lilikuwa mwiko. Mmoja alipiga risasi ndani ya kibanda akiwa mbioni. Sufuria ikapasuka, lituma ikarukia ukutani. Papa alitulaza chini, akatulalia juu. Alikuwa akicheka au akilia, sikujua, mdomo wake haukuwa na umbo. Alikuwa hai. Tulikuwa hai sote.

Mchana zilifika gari za askari wa serikali, pamoja na wazungu wa kukodiwa. Walisimama barabarani, injini zikinguruma, wakipiga risasi chochote kilichotikisika kwenye kahawa. Papa alitoka na kitambaa cheupe, sisi nyuma yake, tukapigishwa magoti. Na ndipo tonton alipotokea msituni.

Alikuwa hajui lolote. Alikuja na ng'ombe mdogo mwekundu kwenye kamba, panga kiunoni, na kichwani amefunga majani, kama wachungaji wote wa bonde lile walivyofanya ili mbung'o wasiwaume shingoni. Hayo yalikuwa majani ya kuchungia tu. Lakini kwa askari wale, mtu mwenye majani kichwani alikuwa mwasi, hakuna zaidi. Papa aliinuka akipiga kelele ayatupe. Walimwangusha kwa teke. Injini zilikuwa zinanguruma, na tonton alikuwa mbali. Aliinua mkono kutusalimu.

Walimpiga risasi nyingi, nyingi mno kwa mtu mwembamba vile. Alikaa chini kwanza, kama aliyechoka, kisha akalala. Ng'ombe alikata kamba akarudi msituni. Mzungu mmoja alimwendea akampiga tena kichwani, akarudi akipangusa kiatu kwenye nyasi.

Mama hakulia siku ile. Aliyafungua majani yale mwenyewe, moja moja, akaosha nywele za mdogo wake, na Papa akachimba kaburi kwa mikono iliyokuwa imevunjwa vidole. Tulimzika juu mteremkoni, penye nyasi fupi.

Mambo mengine ya utoto wangu yamekwenda taratibu, kama yanavyokwenda ya kila mtu. Meza ya sokoni iliondolewa, mtaa ukabadilika, mama akafariki, na siku hizi ukitaka lituma wanakupondea kwa mashine. Msitu uliyala malisho, kisha mihogo ikaula msitu, na sasa jirani yangu ataweka uzio wake pale. Sikumwonyesha mahali pa kaburi kwa sababu sikuweza kupapata.

Papa aliishi miaka mingi baadaye. Hakununua tena ng'ombe mkubwa hata mmoja. Alifuga wale wadogo waliobaki bondeni, hakuwaita kamwe, aliwafuata kwa miguu na kujifunza njia zao. Wakasitawi. Watu walitoka mbali kumwomba ushauri, nao aliwaketisha barazani, akawapa chai. Na hapa ndipo ilipokuwa ajabu. Walipomuuliza ng'ombe gani ni bora, huku wakiwaona wadogo wake wakila bondeni, Papa aliwatetea wakubwa wa Ituri. Alisema yale yale ya zamani, kwa mdomo wake uliopinda: mapaja, mbavu, upole. Aliwaita wadogo mbuzi waliokosa ndevu. Kisha aliinamisha kichwa kidogo, akisubiri ajibiwe habari ya kamyo.

Wageni walidhani amemaliza, wakashukuru.